Kwa Nini Kidonda cha Tumbo Hupona Kisha Kikarudi

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kuitika wito. Niingie moja kwa moja.

Mtu anaumwa chembe cha moyo. Panamuunguza, hasa usiku wa manane au tumbo likiwa tupu. Anapewa dawa ya kupunguza asidi, anameza wiki nne, maumivu yanakwisha, anamshukuru Mungu. Miezi michache baadaye kidonda kiko palepale. Anarudia dawa, anapata nafuu, kinarudi tena. Wapo waliokwenda na mwendo huo miaka na miaka, huku wakiambiwa kwamba wana mawazo mengi au wamezidisha pilipili. Leo nina swali hilo moja tu: kwa nini kidonda kilichokwisha kufunga hufunguka tena? Kwa sehemu kubwa ya wagonjwa, jibu ni kwamba tulitibu kidonda tukamwacha hai aliyekitoboa.

Aliyeachwa hai ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Urefu wake ni kama mikromita 3, maana yake ukiwapanga mia tatu mkia kwa kichwa wanakaribia milimita moja. Mwili wake umejisokota kama parafujo, na upande mmoja ana nyuzi kadhaa za kuogelea. Umbo hilo si pambo. Ndilo linalomwezesha kupenya ute mzito unaofunika ukuta wa tumbo, mahali ambapo bakteria wengi hukwama na kufa.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hulielewa kinyume. Husikika kwamba bakteria huyu anapenda asidi. Hapendi. Katikati ya tumbo asidi ni kali mno, pH yake (kipimo ambacho namba ikiwa ndogo asidi ni kali) ni kati ya 1 na 2, na angekaa humo muda mrefu angekufa kama wenzake. Lakini chini ya ute, pale seli za ukuta zilipo, hali ni tofauti kabisa. Seli hizo humwaga bikaboneti, ambayo hupooza asidi, ndani ya ute, na pH hupanda mpaka karibu na 7. Huko ndiko anakotaka kufika. Shida yake ni safari tu, na kwa safari hiyo ana kimeng'enya kiitwacho yureasi, tena kwa wingi wa ajabu. Yureasi huichukua yurea iliyomo kwenye majimaji ya tumbo na kuivunja iwe amonia na kaboni dayoksaidi. Amonia humzingira kama mwavuli na kuipooza asidi iliyo karibu naye. Zaidi ya hapo, asidi ikipoa ute wenyewe hulegea, akapata njia ya kupita. Likumbukeni jina hilo, yureasi, kwa sababu vipimo viwili tutakavyovitaja baadaye vimejengwa juu yake.

Akishafika, hatoki. Asipotibiwa, kwa kawaida hukaa maisha yote. Wengi huambukizwa utotoni, kutoka kwa watu wa nyumbani, kwa njia ya mate, matapishi au kinyesi. Mwili humtambua na kupeleka askari wake, lakini askari hao hawafanikiwi kumtoa. Vita hivyo visivyokwisha ndivyo tunavyoviita uvimbe wa kudumu wa ukuta wa tumbo. Kila mwenye maambukizi haya anao, hata asiyeumwa chochote. Bakteria naye ana silaha zake: amonia yenyewe huchoma seli, ana sumu iitwayo VacA, na baadhi ya jamii zake hudunga protini iitwayo CagA ndani ya seli za ukuta kwa kitu kinachofanya kazi kama sindano. Jamii zenye CagA huleta madhara zaidi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya uharibifu inatokana na vita vya mwili wenyewe.

Sasa, uvimbe huo unazaaje kidonda? Naomba tukae hapa kidogo, maana pana mambo.

Tumbo lina sehemu ya chini, karibu na mlango wa kutokea, na lina kiwiliwili chake cha juu. Seli zinazotoa asidi ziko kiwiliwilini. Seli zinazoamuru asidi itoke ziko chini. Hizo hutoa homoni ya gastrini. Jirani zake ziko seli nyingine zinazotoa homoni ya somatostatini, ambayo kazi yake ni kuizuia gastrini isipitilize. Gastrini ni mafuta ya gari, somatostatini ni breki. Bakteria akikaa zaidi sehemu ya chini, uvimbe hudhoofisha zile seli za breki. Gastrini hupanda, na kiwiliwili kilicho kizima kinaitikia amri kwa kumwaga asidi kuliko inavyohitajika.

Asidi ya ziada hushukia utumbo mwembamba, kwenye kipande chake cha kwanza kiitwacho duodeni. Ukuta wa duodeni haukuumbwa kwa asidi nyingi namna hiyo, basi hujitetea kwa kubadilika: mabaka ya ukuta wake hugeuka yakafanana na ukuta wa tumbo. Utetezi huo ndio unaoharibu mambo. Bakteria huyu hushikamana na ukuta wa aina ya tumbo, si wa utumbo, na sasa amewekewa mabaka ya kukaa. Anahamia, analeta uvimbe, bikaboneti ya duodeni inapungua, na asidi bado inashuka. Ukuta unachimbika. Ndivyo kidonda cha duodeni kinavyozaliwa, na ndiyo sababu dawa ya asidi pekee hukifunga bila kukimaliza. Asidi ikipungua ukuta hujiziba. Dawa ikikoma, breki bado imeharibika na bakteria bado yuko kwenye mabaka yake. Kabla ya tiba ya kumuua, zaidi ya nusu ya vidonda vya duodeni vilivyopona vilikuwa vikirudi ndani ya mwaka mmoja. Baada ya kumuua, vinavyorudi ni vichache sana.

Kwa wengine bakteria huenea mpaka kiwiliwilini. Huko seli za asidi huchakaa, na asidi hupungua badala ya kuongezeka. Mtu angedhani huyu amenusurika. Hakunusurika, kwa sababu ukuta wake umekonda na hata asidi kidogo inatosha kuuchimba. Hao ndio hupata zaidi kidonda cha tumbo lenyewe, na ndio walio kwenye njia ndefu inayoweza kuishia kwenye saratani ya tumbo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilimweka bakteria huyu kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1994.

Nisiwatishe bila sababu. Karibu nusu ya watu duniani wanaye. Wanaopata kidonda katika maisha yao ni kama mmoja kati ya kumi, na wanaofikia saratani ni wachache zaidi. Inategemea jamii ya bakteria, mahali alipojikita, uvutaji wa sigara, urithi, na dawa mtu anazomeza. Kwa hiyo kipimo kikisema anaye, hakijasema kwamba ana kidonda. Na tumbo kuuma si ushahidi kwamba bakteria ndiye mkosaji.

Elimu hii si ya zamani. Kwa miongo mingi waganga walishika kauli moja, kwamba pasipo asidi hakuna kidonda, na kauli hiyo haikuwa uongo, ilikuwa nusu ya habari. Mwaka 1979, mjini Perth, Australia, mtaalamu wa kupima vinyama vilivyokatwa mwilini, Robin Warren, aliona bakteria waliojisokota kwenye vipande vya tumbo chini ya hadubini. Daktari Barry Marshall alijiunga naye mwaka 1981. Walijaribu kumwotesha maabara bila mafanikio, kwa sababu sahani zilikuwa zikitupwa baada ya siku mbili kama ilivyo desturi kwa bakteria wengine. Mwaka 1982, wakati wa sikukuu ya Pasaka, sahani zilisahauliwa kwenye joto kwa siku tano, na huyo hapo, ameota. Ni mpole wa kukua, basi. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mchuzi wa bakteria hao. Siku chache baadaye akawa anatapika, na vipande vya tumbo lake vikaonyesha uvimbe. Hakupata kidonda, na wanaosimulia kisa hiki huwa wanamwongezea. Alichothibitisha ni hatua ya kwanza, yaani kwamba bakteria huyu hulitia uvimbe tumbo lililokuwa zima. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Na pilipili je? Inaweza kumuunguza mwenye kidonda, lakini haikichimbi. Mawazo huongeza maumivu na huenda yakachelewesha nafuu, lakini kumtuma mtu nyumbani kwa maneno "punguza mawazo" bila kumpima ni kumnyima tiba. Maziwa hutuliza kwa muda mfupi, kisha kalsiamu na protini zake huliamsha tumbo kutoa asidi zaidi.

Mkosaji wa pili wa kweli ni dawa za maumivu: aspirini, diklofenaki, ibuprofeni na jamaa zake. Hizi huzuia utengenezaji wa prostaglandini, na prostaglandini ndiyo inayolifanya tumbo litoe ute na bikaboneti na kupata damu ya kutosha. Ukiizuia, umeuvua ukuta nguo. Mwenye bakteria anayemeza dawa hizi ana hatari kubwa kuliko mwenye kimojawapo tu. Ndiyo maana mtu aliyewahi kuwa na kidonda, akitakiwa kuanza aspirini ya kila siku kwa ajili ya moyo, apimwe kwanza na kutibiwa. Na linalosikitisha kuliko yote ni mtu kumeza diklofenaki kwa ajili ya maumivu ya kidonda hichohicho. Parasetamoli haina tabia hiyo.

Tuje kwenye vipimo. Hapa ndipo makosa mengi hufanyika.

Kipimo cha pumzi kinatumia yureasi. Mgonjwa anakaa bila kula, kwa kawaida saa sita, anapuliza pumzi ya kwanza kwenye mfuko, kisha anakunywa yurea yenye kaboni iliyotiwa alama. Kama bakteria yupo, yureasi yake inaivunja, kaboni ile inaingia kwenye damu, inafika mapafuni na kutoka na pumzi. Baada ya kama nusu saa anapuliza mara ya pili, na mashine inalinganisha. Kaboni 13, aina inayotumiwa hapa, haina mionzi yoyote. Kipimo cha pili ni cha kinyesi, kinachotafuta chembechembe za bakteria mwenyewe. Hiki nacho ni kizuri, na watoto hukimudu kwa urahisi.

Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili, na hapo pana mtego. Kingamwili hubaki kwenye damu miezi mingi, hata miaka, baada ya bakteria kufa. Mtu aliyetibiwa akapona akipimwa damu ataambiwa bado anaye, atapewa dawa nyingine, atapimwa tena, ataambiwa bado. Kipimo cha damu hakifai kabisa kuthibitisha kupona.

Vipimo vya pumzi na kinyesi navyo hudanganya, ila upande wa pili: vinasema hayupo kumbe yupo. Hutokea mgonjwa akipimwa huku anameza dawa. Omeprazoli na jamaa zake, yaani dawa zinazozuia tumbo lisitoe asidi, ziachwe kwa wiki mbili kabla ya kipimo. Antibiotiki na bismathi, dawa nyingine ya tumbo, ziachwe kwa wiki nne. Sababu ni kwamba dawa hizo huwapunguza bakteria bila kuwamaliza, wakawa wachache mno kuonekana. Kwa siku hizo za kusubiri, mwenye kiungulia anaweza kutumia dawa za kawaida za kupooza asidi kwa ushauri wa daktari. Lakini aliyewahi kutokwa na damu tumboni asiache dawa yake kwa uamuzi wake mwenyewe.

Kipimo cha kamera, inayoshushwa tumboni kwa mrija, kinamwonyesha daktari kidonda chenyewe. Vinyama vichukuliwe sehemu ya chini ya tumbo na kiwiliwilini pia, si sehemu moja, maana bakteria hakuenea sawasawa. Kinyama kimoja hutiwa kwenye kijisanduku chenye yurea na rangi. Yureasi ikiwapo, amonia inaigeuza rangi kutoka njano kuwa waridi au nyekundu. Kidonda kinachovuja damu hukipotosha kipimo hiki, kwa hiyo jibu la "hayupo" lililopatikana siku ya kutokwa damu halitoshi. Lirudiwe baadaye.

Wapo wasiopaswa kuanzia kwenye pumzi wala kinyesi, bali waende kwenye kamera: anayekonda bila sababu, anayekwama chakula, mwenye upungufu wa damu, anayetapika mara kwa mara, na mtu wa makamo ambaye maumivu haya kwake ni mageni. Anayetapika damu au kitu kama masimbi ya kahawa, anayepata choo cheusi chenye kunata kama lami na harufu kali, au aliyeshikwa ghafla na maumivu makali huku tumbo limekakamaa kama ubao, huyo hasubiri miadi. Anapelekwa hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu kidonda kinavuja au kimetoboka.

Tiba haiwezi kuwa dawa moja. Bakteria yuko ndani ya ute, ambako dawa hufika kwa shida, na hupata usugu upesi. Mpango unaopendekezwa sana siku hizi una dawa nne kwa siku 14: dawa ya kuzima pampu za asidi, kama omeprazoli, mara mbili kwa siku, bismathi mara nne, tetrasaiklini miligramu 500 mara nne, na metronidazoli miligramu 400 au 500 mara tatu au nne. Mpango wa zamani wa dawa tatu, yaani dawa ya asidi, amoksisilini gramu 1 na klarithromaisini miligramu 500, zote mara mbili kwa siku, bado upo, lakini haufai kutumiwa kwa kubahatisha pale ambapo usugu kwa klarithromaisini umepita asilimia 15. Daktari ndiye anayeuchagua mpango, na mgonjwa amsaidie kwa kutaja antibiotiki alizowahi kumeza. Aliyemeza azithromaisini mara nyingi kwa ajili ya kifua huenda amekwisha kumfundisha bakteria wake kuishinda klarithromaisini, kwa kuwa dawa hizo ni ndugu.

Kwa nini dawa ya asidi imo, wakati adui ni bakteria? Kwa sababu antibiotiki kadhaa huuawa nguvu na asidi, na kwa sababu amoksisilini humuua bakteria anapogawanyika. Kwenye asidi kali hujinyamazia tu. Asidi ikishuka anaanza kugawanyika, na hapo ndipo dawa inampata. Lakini omeprazoli ikimezwa baada ya kushiba imechelewa: pampu zinaamshwa na chakula, na dawa inatakiwa iwe imefika kabla. Imezwe nusu saa hadi saa moja kabla ya kula.

Mgonjwa aambiwe mapema atakayoyaona, la sivyo ataacha dawa siku ya nne. Bismathi hufanya choo na ulimi kuwa vyeusi. Choo hicho ni cheusi tu, hakinati wala hakina ile harufu ya damu. Metronidazoli huacha ladha ya chuma mdomoni, na mwenye kuimeza asiguse pombe mpaka siku chache baada ya dozi kuisha. Tetrasaiklini isimezwe pamoja na maziwa, vidonge vya madini ya chuma au dawa za kupooza asidi, kwa kuwa hushikana navyo ikapita bila kufyonzwa. Haipewi mjamzito wala mtoto mdogo. Asiyepatana na aspirini aulizie aina ya bismathi anayopewa, kwa maana nyingine ina salisaleti, jamaa ya aspirini. Asiyepatana na penisilini asipewe amoksisilini.

Siku 14 ni siku 14. Maumivu mara nyingi huisha ndani ya siku chache, na hapo ndipo dozi hukatishwa. Bakteria waliobaki ndio wale waliokuwa wagumu zaidi, na ndio watakaozaana.

Kisha, na hili ndilo linalosahauliwa karibu kila mahali, mgonjwa apimwe tena. Asubiri angalau wiki nne tangu antibiotiki ya mwisho na wiki mbili tangu omeprazoli ya mwisho, apimwe kwa pumzi au kinyesi. Kutoumwa si jibu. Kidonda cha tumbo lenyewe kinahitaji zaidi: kamera irudiwe baada ya wiki 8 hadi 12, kwa sababu baadhi ya saratani hujifanya kidonda, na hata huonekana kama zinapona kwa muda. Cha duodeni, kama hakina matatizo, mara nyingi hakihitaji kurudiwa.

Kipimo kikisema bado yuko, duru ya pili isirudie klarithromaisini iliyoshindwa. Amoksisilini inaweza kurudiwa, kwani usugu kwake ni nadra. Metronidazoli nayo inaweza, ikitolewa kwa dozi kamili pamoja na bismathi. Mgonjwa atunze karatasi yenye majina ya dawa zote alizopewa na tarehe zake. Bila karatasi hiyo daktari wa pili anabahatisha.

Kabla ya kuwapa nafasi, nijibu swali ambalo huulizwa kila mara: je, mume au mke naye ameze dawa? Asimeze kwa kuwa mwenzake anaumwa. Apimwe kwanza, hasa akiwa naye ana maumivu au ukoo wake una saratani ya tumbo. Akikutwa naye, atibiwe kwa dozi yake mwenyewe, kamili, wala wasigawane vidonge vya mmoja. Karibuni kwa maswali mengine.